Daftari Moja, Simu za Kila Aina

Mwaka 2011 jijini Nairobi, mtu akikwambia ana wazo la programu ya simu, ulimuuliza kwanza: ya simu gani? Leo swali hilo lina majibu mawili tu, na vijana wengi hata hawaliulizi. Wakati ule lilikuwa na majibu sita, na kila jibu lilikuja na lugha yake ya kuandikia, duka lake, ada zake na kanuni zake. Nokia za vitufe zilitaka Java ya simu ndogo. Nokia kubwa za Symbian zilitaka C++ au Qt. BlackBerry ilikuwa na Java yake, Android ilikuwa na Java nyingine isiyofanana na hizo mbili, iPhone ilitaka Objective-C, na Windows Phone, iliyoingia sokoni mwishoni mwa 2010, ilitaka C#. Aliyemudu moja hakuwa amemudu nyingine. Nayaandika haya kwa sababu naona miaka ile inasahaulika upesi, na karibu yote ninayoyajua kuhusu watu na simu zao niliyajua wakati huo.

Mji wenyewe ulikuwa umechangamka. M-Pesa ilianza Machi 2007 na kufikia hapo hata mchuuzi wa mahindi ya kuchoma alikuwa analipwa kwa simu. Mwaka 2009 kebo za baharini za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa, na intaneti yetu ikaanza kuondokana na setilaiti. Machi 2010 iHub ilifungua milango yake kwenye jengo la Bishop Magua, Ngong Road, na ghafla waandishi wa programu waliokuwa wamejificha vyumbani mwao wakawa na meza ya kukutania. Kisha mapema 2011 Safaricom na Huawei wakaleta IDEOS, simu ya Android iliyouzwa kwa takriban shilingi 8,000. Kabla yake, Android ilikuwa simu ya mwenye mshahara mnono. Baada yake, ukipanda matatu ya kwenda Rongai ungeona kijana wa chuo akitelezesha kidole kwenye kioo cha inchi 2.8.

Sisi tulikuwa vijana wachache katika chumba cha kukodi, na kazi yetu ilikuwa daftari la chama. Wasiokijua chama cha Kenya niwaeleze: ni kundi la watu wanaochanga pesa kila wiki au kila mwezi, wakakopeshana, wakapokezana kwa zamu, wakatozana faini kwa kuchelewa mkutanoni. Kitovu cha yote hayo ni daftari la mweka hazina. Daftari likipotea au likiloa maji, chama kinaweza kuvunjika na udugu ukaenda nalo. Kampuni moja ilitukabidhi kazi ya kulihamishia daftari hilo kwenye simu, na kwa kuwa mimi ni mzaliwa wa Mombasa nikaomba majaribio yafanywe na kina mama wa soko la Kongowea, ambao michezo yao ya pesa naifahamu tangu utotoni.

Siku ya kwanza tuliwaomba watuwekee simu zao juu ya meza. Nilipoziona nikajua kazi itakuwa kubwa. Zilikuwemo mulika mwizi zisizoweza kupokea programu yoyote. Zilikuwemo Nokia za rangi zenye Java, ambazo ndizo zilizokuwa nyingi kupita zote. Zilikuwemo simu za Kichina za laini mbili zenye majina yanayofanana na Nokia kwa herufi moja pungufu. Katibu, ambaye mumewe alikuwa baharia, alikuwa na BlackBerry. Binti aliyekuja kumsaidia mama yake kupanga nyanya alikuwa na IDEOS. Mlezi wa chama, mama mwenye maduka mjini, alikuwa na iPhone. Hao wote walikuwa wanachama wa daftari moja, na kila mmoja alikuwa na haki ya kuona pesa zake.

Nianze na zile Nokia, kwa sababu ndiko tulikokesha zaidi, na kwa sababu waandishi wa leo hawaamini ninapowasimulia. Programu ya Java ilifungwa katika faili moja, na simu za zamani zaidi zilikataa faili lililozidi kilobaiti 64. Picha moja ya kawaida unayotumiwa leo kwenye WhatsApp haiwezi kuingia humo. Kwa hiyo hakukuwa na nembo ya kupendeza wala mapambo. Ulipima kila herufi. Skrini nyingine zilikuwa na nukta 128 kwa 160, nyingine 240 kwa 320, na orodha iliyokaa vizuri kwenye moja ilikatwa kichwa kwenye nyingine.

Halafu kulikuwa na vile vitufe viwili vya juu, cha kushoto na cha kulia, vilivyo chini kabisa ya skrini. Mtumiaji anavijua kwa kidole: kimoja kinafungua chaguo, kingine kinamrudisha nyuma. Lakini simu haikuiambia programu kwamba kimebonyezwa cha kushoto. Iliiambia namba tu, na kila mtengenezaji alikuwa na namba zake. Kwenye Nokia kitufe cha kushoto kilikuwa -6 na cha kulia -7. Kwenye Motorola vilikuwa -21 na -22. Zile za Kichina zilikuwa na namba ambazo hazikuandikwa kokote. Ulikaa nayo mkononi, ukabonyeza, ukasoma, ukaandika kwenye karatasi. Tulikuwa na karatasi hiyo imebandikwa ukutani na ilizidi kurefuka kila mtu aliporudi kutoka Luthuli Avenue na simu ya mtumba ya kujaribia.

Kuna jambo moja la Kongowea sitalisahau. Mweka hazina, mama wa makamo aliyeuza maembe na machungwa, alikuwa na Nokia ambayo tarakimu ya tano ilishafutika kwa kubonyezwa. Akaingiza michango ya watu watatu, na kila alipokuwa anahifadhi, simu ikamwuliza kama anaikubalia programu kutumia mtandao. Akanitazama.

"Mwanangu, hii simu yaniuliza kama nakubali. Nikubali nini? Yataka kunila kredi?"

"Inataka ruhusa ya kutuma hesabu, mama."

"Kila mara?"

"Kila mara, mama."

"Basi ngoja niandike kwenye karatasi, nikifika nyumbani nitaiambia yote kwa pamoja."

Swali lile halikuwa letu. Simu za Java ziliuliza hivyo kwa programu yoyote isiyokuwa na cheti kilichotambuliwa na mtengenezaji wa simu, na vyeti vyenyewe viliuzwa kwa mamia ya dola. Lakini mama yule alikuwa ametupa usanifu bora kuliko wetu. Tukaandika upya: kila mchango uhifadhiwe ndani ya simu papo hapo, na jioni, mara moja, kwa idhini moja, hesabu yote itumwe. Kredi iliyotumika ikapungua sana. Na mtandao ulipokatika, jambo la kawaida sokoni saa za mchana, daftari liliendelea kufanya kazi. Baadaye tuliupeleka mpango huo kwenye kila simu nyingine, pamoja na iPhone, na hadi leo naamini programu yoyote ya Afrika Mashariki inayogoma pindi mtandao unapoyumba imeandikwa na mtu asiyekaa na wanaoitumia.

Android ilikuwa nafuu kubwa kwa mwandishi. Vifaa vya kuandikia vilikuwa bure, vilikubali kompyuta yoyote, na kuingia dukani ulilipa dola 25 mara moja kwa maisha. Upande wa Apple ulilipa dola 99 kila mwaka, na huwezi kuandika programu ya iPhone bila kompyuta ya Mac, ambayo kwa kijana wa Nairobi wakati ule ilikuwa bei ya pikipiki. Tofauti hiyo pekee inaeleza kwa nini kizazi kizima cha waandishi wa Kenya kililelewa na Android.

Lakini IDEOS ilikuwa na kumbukumbu ndogo. Mtu akiwa katikati ya kuandika michango, akipigiwa simu, mfumo uliweza kuizima programu kimyakimya ili kupata nafasi. Na mweka hazina wa chama hupigiwa simu mchana kutwa: mmoja anauliza zamu yake, mwingine anaomba aongezewe siku mbili. Kwa hiyo tuliweka kanuni kwamba kila tarakimu ihifadhiwe inapoandikwa, pasipo kungoja kitufe cha kuhifadhi. Huo haukuwa urembo. Hizo zilikuwa pesa za watu.

Kilichotugombanisha zaidi ni sura. Kampuni iliyotupa kazi ilimwajiri msanifu wa picha aliyechora kila ukurasa kwa kipimo cha iPhone, na agizo likaja kwamba programu ifanane kwenye simu zote, nukta kwa nukta. Hoja yao ilikuwa ya kueleweka: jina moja, sura moja, gharama moja. Siku hizo zilikuwepo tayari zana kama PhoneGap zilizoahidi kwamba utaandika mara moja na itaenda kote. Mchoro ulikuwa mzuri kweli. Kulikuwa na mshale wa kurudi juu kushoto, na safu ya vitufe vinne chini.

Sasa fikiria yule binti wa nyanya na IDEOS yake. Simu yake ina kitufe cha kurudi, kiko chini ya kioo, na kidole chake kimezoea hapo. Kwenye picha zile, kitufe hicho hakikupewa kazi, kwa kuwa iPhone haina kitufe kama hicho. Alipokibonyeza akitegemea kurudi ukurasa uliotangulia, programu nzima ilifungwa. Akafungua tena, akabonyeza tena, ikafungwa tena. Na ile safu ya chini ilikaa karibu mno na vitufe vya simu yenyewe, hata akigusa "Mikopo" kidole kikateleza kikampeleka mwanzo. Kioo cha nukta 240 kwa 320 hakina nafasi ya kupoteza, na robo yake ilikuwa imeliwa na mapambo ya simu ambayo hakuwahi kuimiliki.

Tulibishana na kampuni wiki kwa wiki. Hoja yetu ilikuwa moja, na bado naishikilia: mtu hajifunzi programu yako peke yake, anajifunza simu yake, na programu yako ni mgeni humo ndani. Mgeni hufuata desturi za nyumba. Apple ilishaandika mwongozo wake wa namna kitu kinavyoguswa na kinavyorudi. Google nayo ikaandika wa kwake mwanzoni mwa 2012, baada ya kutoa Android 4.0 mwaka 2011, na vitufe vya kuchagua kurasa vikapelekwa juu badala ya chini. Windows Phone ilikuja na mtazamo wake kabisa, herufi kubwa na vigae, kurasa unazozisukuma kushoto na kulia. Kila mwamba ngoma huvutia kwake, lakini kila mmoja alikuwa na mantiki yake, na wenye simu hizo walikuwa wameshaizoea. Mwishowe kampuni ilikubali shingo upande kwamba rangi na maneno vifanane, hesabu zifanane hadi senti ya mwisho, lakini mwendo wa kila programu ufuate simu yake.

Hata hivyo sura lilikuwa jambo dogo kando ya lile la ujumbe wa M-Pesa. Mwanachama akituma mchango, mweka hazina anapokea ujumbe wenye jina, kiasi na namba ya uthibitisho. Kila kitu anachotaka kukiandika kimo humo. Kwenye Android tuliweza, kwa idhini ya mwenye simu, kuusoma ujumbe huo na kuujaza daftarini wenyewe. Mama anathibitisha tu kwa kidole. Kwenye iPhone hakuna programu ya nje iliyoruhusiwa kusoma ujumbe, basi tukaweka mahali pa kubandika: unakili, unabandika, programu inachambua. Kwenye Nokia za Java hata kubandika kulikuwa tabu, basi tukamwachia mama aandike kiasi na herufi za mwisho za namba ya uthibitisho, nasi tukalinganisha na zilizotumwa na wanachama wengine.

Ni kazi moja na njia tatu, na hakuna mchoro wa nukta kwa nukta ambao ungeweza kuzibeba. Siku tulipoliweka hili mezani mbele ya kampuni, mabishano ya sura yalikwisha. Waliona kwamba simu ya kila mtu inakubali mambo fulani na kukataa mengine, na huko ndiko programu inakoanzia. Niongeze kwamba hata Android ilibadilika baadaye: mwishoni mwa 2018 Google ilitangaza kubana ruhusa ya kusoma ujumbe, na programu nyingi za Afrika zilizotegemea hilo zililazimika kubuniwa upya. Kwa faragha ya watu naona ilikuwa hatua ya haki, hata kama ilitugharimu.

Huku chini sisi tukihangaika na namba za vitufe, wakubwa walikuwa wanapigania uhai. Februari 2011 Nokia, chini ya Stephen Elop, ilitangaza kuiacha Symbian kama msingi wa simu zake janja na kuungana na Microsoft. Kwa msomaji wa Ulaya hiyo ilikuwa habari ya biashara. Nairobi, ambako Nokia ilikuwa ndiyo simu yenyewe, ilikuwa habari ya kazi. Nilijua vijana waliokuwa wametumia miaka kujifunza C++ ya Symbian, lugha ngumu isiyosamehe, na asubuhi ile walikuja mezani wakiwa kimya. Hakuna aliyewafidia. Walianza upya na Android kama wanafunzi, na baadhi yao leo ni miongoni mwa waandishi bora ninaowajua.

Baada ya hapo likaja jaribio la Windows Phone. Februari 2013 Microsoft ilizindua mpango wa 4Afrika, na pamoja nao simu ya Huawei 4Afrika iliyoletwa kwanza katika nchi 7, Kenya ikiwemo. Ilikuwa simu nzuri, na siwabezi walioijenga. Kuandikia Windows Phone kulikuwa raha: zana zilikuwa safi, herufi zilisomeka juani kuliko za simu nyingine yoyote, na kina mama wa Kongowea waliozijaribu walizipenda kwa herufi hizo. Lakini wenye simu za Windows Phone 7 hawakuweza kuzipandisha kwenda 8, na hakuna mwenye duka Mombasa aliyetaka kuuza simu ambayo mteja atamrudishia akiuliza kwa nini WhatsApp yake haina kitu fulani. Programu zilikuwa chache kwa sababu watumiaji walikuwa wachache, na watumiaji walikuwa wachache kwa sababu hiyohiyo ya programu. Januari 2020 Microsoft iliacha kuhudumia Windows 10 Mobile, na habari ikaishia hapo. Duka la Nokia lilikuwa limeacha kupokea programu mpya za Symbian tangu mwanzo wa 2014. BlackBerry za zamani zilizimiwa huduma Januari 4, 2022.

Katikati ya hayo, mwishoni mwa Septemba 2012, mamlaka ya mawasiliano ya Kenya ilizima simu bandia mitandaoni, karibu milioni 2. Zile simu za Kichina tulizoziandikia karatasi ukutani zikanyamaza kwa usiku mmoja. Wengi wa kina mama wetu walinunua Android ya bei nafuu kwa shida, wakiwa wamekopa kutoka chama chenyewe, na mikopo hiyo ikaandikwa kwenye daftari letu.

Husemwa kwamba ushindani wa majukwaa ulikuwa upotevu, na kwamba afadhali tumebaki na mawili. Sikubaliani. Ulituchosha, ulitugharimu, uliwavunja wengine mioyo, lakini ulitulazimisha kuuliza kila siku: mtu huyu ana simu gani mkononi, na simu hiyo inamruhusu nini? Leo kwa Flutter au React Native unaandika mara moja na programu inakwenda Android na iPhone kwa pamoja, na ni zana nzuri, nazitumia mwenyewe. Tatizo ni kwamba zinamfanya mwandishi adhani swali limejibiwa. Halijajibiwa. Bado Kongowea na Gikomba na Kariakoo kuna watu wenye simu za vitufe wanaofanya kila kitu kwa menyu za nyota na reli, na bado Android ya shilingi elfu chache si sawa na ile unayoandikia wewe ofisini.

Kwa hiyo nakusihi, kijana unayeanza kazi hii sasa: kabla hujafungua kompyuta, nenda sokoni ukanunue simu ya bei ya chini kabisa inayouzwa mwezi huu. Iwekee laini, iwekee bando dogo, ujaze hifadhi yake kwa picha na sauti za WhatsApp kama zinavyojaa za watu wengine, uitumie wewe mwenyewe kwa mwezi mzima. Kisha ukae na mama mmoja anayeweka hesabu za wenzake, umwombe ajaribu ulichokiandika, na usimwelekeze kidole.